Nyumba ya Ufuoni Gisenyi na Jiko Lake

Kama umewahi kupangiwa lindo katika mpaka wa Gisenyi na Goma, au kama mumeo ama mkeo alihamishiwa huku nawe ukaja kumtazama, bila shaka umepita katika barabara ile ya ufuoni mwa Ziwa Kivu. Upande mmoja ni maji. Upande wa pili, nyuma ya miti mikubwa ya kivuli, zimejipanga nyumba za enzi ya Wabelgiji. Wengi wetu hupita hapo jioni kupunga hewa, tukalitazama ziwa na kuzipa nyumba kisogo. Leo naomba tuzigeukie nyumba.

Utazitambua kwa dalili chache. Pembe zake hazikukatwa kama za sanduku, bali zimeviringishwa kama kifua cha meli. Juu ya madirisha umepita ukanda mrefu wa zege, kama nyusi juu ya jicho, nao huzuia jua kali na mvua ya upepo visiingie ndani. Dirisha moja, aghalabu lile la bafu au la ngazi, ni duara kamili. Paa huwezi kuliona ukiwa barabarani, kwa kuwa limefichwa nyuma ya ukuta mfupi uliojengwa juu ya kuta zenyewe. Hazina nakshi za maua wala nguzo za kifalme; uzuri wake wote umo katika mistari.

Mtindo huu wa ujenzi huitwa Ati Deko, jina lililotokana na maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris mwaka 1925. Ulaya ilikuwa imetoka katika vita vya 1914 hadi 1918, na watu walitamani vitu vipya: meli za kasi, ndege, motokaa, sinema. Wajenzi wakaanza kuzipa nyumba sura ya vitu hivyo. Jambo lililowasaidia ni zege lenye nondo, ambalo hukubali kumiminwa katika umbo lolote litakalo fundi. Ubelgiji ikaupenda mtindo huo, na ilipokuwa ikijenga miji ya Kongo na ya Ruanda-Urundi, ikauleta pamoja na saruji. Mjini Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, ghorofa maarufu la Forescom lilisimamishwa mwaka 1946 kwa mtindo huo huo. Mtu akitaka kuona majengo ya namna hii kwa wingi karibu na sisi, aende Bukavu, kusini mwa ziwa letu, mji uliokuwa ukiitwa Costermansville, au Bujumbura. Gisenyi ilipata sehemu ndogo tu ya mtindo huo.

Lakini iliupata kwa sababu maalumu. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa yake haina joto la kuchosha, na majini hamna mamba wala kiboko. Mwenye shamba la kahawa au karani mkubwa wa serikali ya Kongo aliyechoshwa na kazi aliweza kuja hapa kupumzika, akaogelea bila hofu. Ndiyo maana hata hoteli ya Palm Beach ikaitwa kwa jina la mji wa starehe wa Marekani, ulio mbali na sisi kwa bahari nzima.

Kabla ya starehe hizo, wanajeshi walikwisha kuujua mji huu. Wadachi walikuwa na kituo chao hapa, wakiandika jina lake Kissenji, na mwezi Oktoba 1914 Kapteni Max Wintgens na askari wake waliwarudisha nyuma Wabelgiji waliotaka kukitwaa. Wintgens alikishikilia hadi mwezi Mei 1916, alipolazimika kuondoka kwa kuwa majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakisonga mbele. Askari wake wengi walizungumza Kiswahili, na lugha hii ninayokuandikia, msomaji, ilipata kuzoeleka katika nchi yetu kwa vinywa vya askari na wachuuzi kabla ya walimu hatujaifungulia kitabu. Hayo nayataja kwa kupita tu. Nataka kusimulia habari za nyumba moja.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilisomea ualimu nikapata cheti, nikafundisha miaka michache, kisha nikahamishiwa kazi ya ofisini. Ofisi yetu imo katika nyumba mojawapo ya ufuoni. Sitaitaja kwa nambari, maana shauri lake bado liko mezani. Ina pembe ya mviringo upande wa ziwa, dirisha la duara bafuni (siku hizi bafu hilo ni chumba cha majalada), na sakafu ya terazo ambayo hata baada ya viatu vya miaka yote hii bado hung'aa ikipigwa deki. Nyuma yake, hatua kama ishirini, kuna kijumba kidogo cha mawe meusi ya volkeno chenye dohani fupi. Hapo zamani palikuwa jikoni. Sasa tunaweka mafagio na viti vilivyovunjika.

Baada ya mlima Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Rubavu ilitetemeka siku nyingi mfululizo. Majengo mengi mjini yalipasuka, na familia nyingi zililala nje. Nyumba yetu ilisimama, ila ulitokea ufa juu ya mlango wa mbele, na ukuta wa pembe ya mviringo, ambao tangu zamani ulikuwa na unyevu, ukazidi kulowa. Kila mvua iliponyesha tulihamisha meza. Likaja shauri la kuivunja nyumba na kujenga jengo jipya la ghorofa. Wengine wakapendekeza ihifadhiwe kwa ajili ya wageni na watalii, nyuma pasafishwe pawe mahali pa kuegesha magari. Nikaagizwa kuandika maelezo ya jengo ili wakubwa wapate kuamua. Fomu niliyopewa ilikuwa na sehemu ya mmiliki, mwaka, mtindo, vipimo na hali ya jengo.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kumwambia mtoto akitazame kitu kwanza, ndipo akitaje. Nami nikakaa siku mbili kuitazama nyumba. Nikapima, nikachora, nikapata mengi ya kuandika juu ya mtindo. Habari za watu sikupata, isipokuwa jina la mmiliki wa kwanza katika karatasi moja ya kale. Hapo ndipo nilipokwenda Mbugangari kwa Bibi yangu, mzaa mama.

Bibi amekaribia miaka themanini. Baba yake alikuwa mpishi katika nyumba hiyo tangu mwaka 1949 hadi 1960. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, kama mtu ajuavyo kwamba babu yake alikuwa na ng'ombe wangapi, yaani bila kulifikiria. Bibi alikuwa akitumwa kumpelekea baba yake nguo safi kila Jumamosi, naye hupita njia ya nyuma, hukaa jikoni hadi apewe nguo chafu, kisha hurudi. Chumba cha mbele hakuwahi kukiona isipokuwa kupitia mlangoni, na hata hivyo kwa kuchungulia.

Nikamwonyesha mchoro wangu, nikamsifia pembe ya mviringo na zile nyusi za zege. Akaushika mchoro, akautazama kwa muda, akaniuliza, "Jiko liko wapi?" Nikamwambia kwamba fomu inataka jengo kuu peke yake. Akanirudishia karatasi yangu.

"Mjukuu wangu," akasema, "usiniambie ni nzuri. Baba aliisafisha miaka kumi na moja, wala hakuwahi kuketi ndani yake. Alilala jikoni, kichwa chake kikielekea mekoni kwa ajili ya baridi. Na mawe unayoyaona katika msingi yalibebwa vichwani na watu wa kazi za shuruti. Mmoja wao alikuwa kaka yake Baba. Utosi wake ulikuwa na kipara cha jiwe hadi anakufa."

Wazee wetu waliziita kazi hizo "akazi". Tunazisoma katika historia, tukawasomesha na watoto. Lakini mimi sikuwa nimepata kuziweka chini ya meza yangu ya ofisi, pale hasa ninapowekea miguu.

Nilimwuliza kuhusu ukuta unaolowa, nikitaraji aseme kwamba nyumba za Wabelgiji zilikuwa hivyo tangu mwanzo. Maana hayo ndiyo maneno ya mjini: paa la bapa halifai katika nchi ya mvua. Bibi akacheka. Akasema enzi za baba yake haikuvuja hata tone. Kila mwezi wa tisa, kabla ya mvua za vuli, baba yake alipanda ngazi na kufagia paa lote, akazibua matundu ya kutolea maji. Yalikuwa matatu. Bibi ndiye aliyekuwa akishika ngazi.

Sisi tuliyajua mawili.

Hapa naomba niwaeleze akina mama na akina baba wanaoishi katika nyumba za namna hii, maana zipo hata katika kambi za zamani na nyumba za serikali. Paa la bapa si bapa kamili. Fundi hulipa mwinamo mdogo, usioonekana kwa jicho, ili maji yatiririke kuelekea kwenye matundu. Kwa kuwa ule ukuta mfupi umelizunguka paa lote, tundu likiziba maji hayana pengine pa kwenda. Hukaa kama katika beseni. Majani huoza ndani yake, lami hupasuka kwa jua la kiangazi, nayo maji huipata nondo iliyo ndani ya zege. Nondo ikipata kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege kwa ndani. Ndipo mtu husema nyumba imezeeka. Aghalabu haikuzeeka, haikufagiliwa tu. Kadhalika madirisha ya chuma: yakipakwa rangi kwa wakati wake hukaa muda mrefu sana, yakiachwa miaka michache hayafungi.

Bibi alikuja ofisini siku ya Jumamosi, amevaa mkenda wake wa sherehe. Tulikuwa watu wanne pamoja na fundi mwashi mmoja. Hakutaka kupanda ngazi, wala sisi hatukumruhusu. Alisimama uani na fimbo yake, akatuelekeza kwa sauti: "Nenda upande wa ziwa. Pale penye duara. Chini ya ukuta." Fundi akagonga kwa nyundo. Mahali pote palitoa sauti nzito, isipokuwa pale. Akakwangua lami, tabaka juu ya tabaka, kwa muda wa saa nzima. Chini yake likatokea tundu lenye wavu wa chuma ulioliwa na kutu. Bomba lake lilikuwa limezikwa ndani ya ukuta wenyewe, ili mistari ya nje isiharibiwe na mfereji wa kuning'inia. Naam, ndiyo gharama ya urembo wa mtindo huu: huficha utumbo wake, na asiyeambiwa hajui. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, aliliona tundu likivuja akaliziba kwa lami, na tangu siku hiyo maji yakawa yanaingia ukutani.

Tukamwaga ndoo ya maji. Hakuna kitu. Tukasukuma kwa waya, tukamwaga ya pili. Bibi alikuwa amekwisha kwenda kusimama karibu na mfereji wa mawe meusi nyuma ya nyumba, ambao sisi tuliudhani ni pambo la bustani. Kwanza yalitoka matope meusi yenye harufu, kisha majani, kisha maji. Bibi akaruka pembeni kama msichana ili yasimrukie miguuni.

Alipotulia akaingia jikoni. Viti vyetu vilivyovunjika alivisogeza mwenyewe. Pale ukutani, karibu na meko, kuna mistari iliyochongwa kwenye jiwe. Tulidhani ni alama za mafundi. Alisema ni hesabu ya baba yake. Hakujua kusoma, na kila mwezi aliolipwa alichora mstari, na mwezi aliokatwa mshahara kwa ajili ya sahani iliyovunjika alichora mstari mfupi. Niliihesabu mistari hiyo mara mbili. Mifupi ni saba.

Nyumba hiyo iliona mengi baada ya hapo. Mwezi Julai 1960, Kongo ilipokwisha kupata uhuru na Wazungu wengi kukimbia, mwenye nyumba aliondoka asirudi, naye mpishi akarejea kwake na sufuria moja aliyoachiwa. Tarehe 1 Julai 1962 Rwanda ikawa huru, na nyumba za ufuoni zikaingiwa na wakubwa wapya. Baadhi yao, asema Bibi, waliutumia mlango wa nyuma kwa watumishi wao vile vile. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, serikali iliyoyasimamia ilikimbilia Gisenyi katika siku zake za mwisho, kabla mji haujatwaliwa mwezi Julai, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Goma kwa siku chache tu. Nilikuwa mtoto mdogo. Mambo ya mwaka huo Bibi huyasema mwezi wa Aprili, tukiwa katika kumbukumbu, naye huyasema kwa ufupi, sitamsemea hapa. Mwaka 2002 Nyiragongo iliunguza sehemu kubwa ya Goma, na wakimbizi wakalala katika nyua za ufuoni, na ua wetu ukiwamo.

Kwa hiyo swali la kuivunja au kuihifadhi si jepesi kama wanavyolisema watu wa upande huu au ule. Wapo wanaosema: ni alama ya ukoloni, ivunjwe. Nawaelewa. Lakini tazameni Asmara, mji mkuu wa Eritrea. Waitalia waliujenga kwa mitindo ya kisasa ya wakati wao, wakawazuia wenyeji wasikae katika mitaa ya Wazungu. Humo mna kituo cha petroli cha Fiat Tagliero, cha mwaka 1938, kilichojengwa kama ndege yenye mabawa mawili ya zege yasiyo na nguzo ya kuyashikilia. Waeritrea hawakukivunja. Mwaka 2017 mji wao uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Walisema, na nadhani kwa haki, kwamba waliojenga kwa mikono yao ni wao.

Nasi tunayo sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi urithi wa utamaduni. Ninavyoona mimi, mtu akitaka kuhifadhi nyumba hii kwa ajili ya pembe yake ya mviringo peke yake, akavunja jiko ili magari yapate nafasi, atakuwa amehifadhi nusu ya jambo, tena ile nusu iliyokwisha kusifiwa tangu zamani. Bibi alilisema hilo kwa maneno machache kuliko yangu, tulipokuwa tukimrudisha nyumbani. "Kama mnabomoa, bomoeni vyote, na mawe myatoe polepole. Kama mnahifadhi, hifadhini vyote."

Niliijaza fomu. Pale palipoandikwa "mtindo" nikaandika Ati Deko, pamoja na maelezo yake. Pale palipoandikwa "hali ya jengo" nikaeleza habari za tundu la tatu, na kwamba ufa ulio juu ya mlango uchunguzwe na mhandisi kabla neno lolote halijasemwa juu ya paa. Kisha nikaongeza ukurasa mmoja ambao haukuwamo katika fomu, wenye mchoro wa jiko, vipimo vyake, hesabu ya mistari ya ukutani, na kazi za baba yake Bibi kwa mwezi wa tisa. Mkubwa mmoja aliniuliza ukurasa huo ni wa nini. Nikamjibu kwamba ndiyo sehemu pekee ya jalada iliyotusaidia kuzuia maji. Akauacha.

Uamuzi haujatoka. Mvua za mwezi wa tisa zimekwisha kuanza, na ukuta wa upande wa ziwa umekauka kiasi cha kuegemea kabati. Viti vilivyovunjika tumevipeleka kwa seremala, na jiko tumeliezeka mabati mawili mapya kwa mchango wetu wafanyakazi. Bibi ameomba aletewe ufunguo wake wa akiba, asema ili atakapopita aweze kufagia.